Msilitupe Lile Koti la Manyoya

Kaa kwenye kibanda umiza chochote filamu ya nyumbani inapooneshwa, utasikia watazamaji wakiulizana: "Eti kasema nini?" Picha zetu siku hizi hazina neno, hata simu ya kawaida inatoa picha safi. Kinachotuangusha ni sauti. Upepo unameza maneno, sebule inavuma kama kisima, na bodaboda inakatiza katikati ya msiba.

Vijana wengi wanaoanza kutengeneza filamu wanaamini dawa ni maiki ya bei mbaya. Mimi siamini. Adui wa kwanza ni umbali. Mdomo na maiki vikiachana mara mbili ya mwanzo, sauti ya mwigizaji inashuka kama desibeli 6, ilhali kelele za mtaa zinabaki zilivyo. Itoe maiki kwenye kamera iliyo mita 2 mbele yake, uining'inize juu ya kichwa chake, nusu mita kutoka mdomoni, na utakuwa umeokoa desibeli 12 hivi kwa gharama ya mti tu. Mti wenyewe mafundi rangi wanao: ule wa alumini unaorefuka, wanaoufungia rola ya kupakia dari. Usipopatikana, mwanzi mkavu unatosha, tena hauchoshi mikono.

Hapo ndipo ninapowaita nyinyi ambao hamjawahi kujiona kama watu wa filamu.

Fundi cherehani, kwenye marobota ya mitumba huja makoti ya manyoya bandia ambayo kwa joto letu hayana mnunuzi. Likipatikana moja, usilikate matambara. Shona mfuko mwembamba wa kuivika maiki, manyoya marefu yakiwa nje, na lastiki mdomoni ili usivuke. Kwanza toa bitana, kisha weka kitambaa cha manyoya mdomoni upulize. Pumzi isipopita, ujue na sauti haitapita, tafuta koti lingine. Manyoya yanaupunguza upepo kasi kabla haujaifikia maiki. Kinga inakuwa bora zaidi ukiacha nafasi ya hewa tulivu kati ya mfuko na maiki, kwa hiyo fundi wa kusuka waya naye ana kazi: kitundu chepesi cha wavu, maiki ikae ndani, mfuko uje juu. Msitumie bomba zima la plastiki badala ya wavu, maana bomba lina mvumo wake na litaupachika kwenye kila neno.

Fundi baiskeli, tyubu iliyokwisha usiitupe. Pete iliyokatwa kwenye bomba la inchi 3, ikatobolewa matundu na kupitishwa vipande vyembamba vya mpira vinavyopishana, inaibeba maiki ikining'inia bila kugusa mti. Mshika mti akibadili mkono, mpira unaumeza mtikisiko. Waya nao ufungwe kwenye mti kwa tepu, usiwe unagongagonga.

Mwangwi wa sebule tupu unatulizwa na mablanketi mazito yaliyotundikwa kwenye fremu za mbao, yakiachana kidogo na ukuta. Najua studio nyingi za uswahilini zimebandikwa trei za mayai. Zinapendeza, sikatai, ila sauti nzito inazipita bila hodi, na moto ukizishika hazisubiri zimamoto. Tena blanketi linatuliza mwangwi wa ndani tu. Jenereta la jirani halilijui.

Kwa hiyo na majirani nawaomba. Kijana akija kubisha hodi kuwa kesho asubuhi watarekodi, mpunguzieni redio kwa nusu saa. Mchomelea mageti, mpishe amalize maneno yake machache kisha uendelee na kazi. Na kijana naye aje kuomba mapema, kwa adabu, akiwa ameshapanga ratiba ili saa za adhana zimkute kwenye mapumziko. Mwenye nyumba akubali friji lizimwe. Watu wa sauti wana mbinu yao hapo: wakishalizima wanaweka funguo za gari ndani yake, ili asiondoke mtu bila kuliwasha na samaki wa watu wakaoza. Asiye na gari aweke simu.

Wakufunzi wa vyuo vya ufundi vya VETA mna karakana na vijana wanaohitaji kazi za mazoezi. Pete na vitundu hivi vinawafaa. TaSUBa, pale Bagamoyo, wapo wanaosomea sanaa. Kutaneni hata mara moja kwa muhula, mmoja alete chuma, mwingine alete maiki.

Nawe mwongozaji, kabla ya kuwapa waigizaji ishara ya kuanza, mvalishe mtu mmoja hedifoni za waya asikilize kile kinachorekodiwa. Akiinua mkono kwamba ameisikia pikipiki, usibishane naye. Rudia.