Kanisa la Waaihoek na Chama Kilichozaliwa Humo

Azuruye kanisa la Kiwesley la Waaihoek, mjini Bloemfontein, Afrika Kusini, huona nyumba ndogo yenye jambo kubwa. Humo, tarehe 8 Januari 1912, machifu, makasisi na walimu waliasisi chama ambacho tangu 1923 huitwa ANC. Rais wao wa kwanza, Mchungaji John Dube, walimchagua bila yeye kuwapo. Baadaye jengo likageuzwa karakana. Chama kilipotimiza miaka 100, likakarabatiwa liwe kumbukumbu.

Ni vyema. Lakini tukitunza kuta na kusahau kiapo, tumetunza kaburi. Chama kilichozaliwa ili wananyimwao haki wasikilizwe hakiwezi kuwageuka na kuwaziba midomo. Mwaka 2024 ANC kilipata takriban asilimia 40 ya kura, kikapoteza wingi wa viti bungeni, kikakubali kutawala pamoja na wengine. Utii huo kwa kura ni ukumbusho bora kuliko picha ukutani.

Sisi Wakenya twalijua somo hili: tangu 1982 hadi 1991 sheria iliruhusu KANU peke yake. Chama ni hema la msafiri. Nchi ni ya wananchi. Tusisahau.