Sinema za mazimwi zinapocheleweshwa: Ni hofu ya mtoto au hofu ya mwenye fedha?

Na Mwandishi Wetu, Doha

Kuanzia tarehe 20 hadi 28 Novemba 2025 mji wa Doha uliandaa Tamasha la Filamu la Doha, tamasha jipya la Taasisi ya Filamu ya Doha. Tamasha hili limechukua nafasi ya lile la Ajyal, lililokuwa likifanyika hapa tangu mwaka 2013, na jina la Ajyal limebakizwa kama moja ya mashindano yake. Waandishi wengi wa habari wameandika juu ya wageni mashuhuri na zawadi. Sisi tunataka kuzungumzia jambo ambalo halikuandikwa sana, nalo ni nafasi ya mtoto katika biashara ya sinema, na hasa sinema zile za mazimwi na majitu zinazotengenezwa kwa ajili ya familia.

Wasomaji wetu wa nyumbani huenda hawafahamu kwamba Ajyal, neno la Kiarabu lenye maana ya vizazi, lilikuwa na utaratibu ambao ni nadra kuuona kwingine. Waamuzi wa filamu walikuwa vijana na watoto wenyewe, na makundi yao yalipewa majina ya hatua za mwezi. Mohaq walikuwa watoto wa miaka 8 hadi 12, Hilal wa miaka 13 hadi 17, na Bader ni vijana waliotimiza miaka 18. Mswahili hahitaji kutafsiriwa hilali wala badri. Cha kuzingatia ni kwamba mtoto wa miaka minane alikaa kwenye kiti cha hakimu, akatazama, akajadili na wenzake, kisha akapiga kura. Huko Hollywood mtoto wa umri huo huitwa pia kutazama filamu kabla haijatoka, lakini yeye hapigi kura. Anachunguzwa tu kama atacheka au atalia.

Tutoe mifano mitatu iliyo wazi.

Mfano wa kwanza ni filamu ya Where the Wild Things Are, iliyotokana na kitabu cha watoto cha Maurice Sendak cha mwaka 1963. Kampuni ya Warner Bros. ilipanga kuitoa mwezi Oktoba 2008. Baada ya maonyesho ya majaribio iliripotiwa kwamba baadhi ya watoto walilia na wengine wakatolewa ukumbini. Filamu ikasogezwa mbele mwaka mzima, ikatoka tarehe 16 Oktoba 2009. Mwongozaji wake, Spike Jonze, alipewa muda zaidi, lakini majitu yake yakabaki na manyoya, kucha na huzuni zao. Filamu iliyogharimu takriban dola milioni 100 ikaingiza kiasi kinachokaribia hicho hicho.

Mfano wa pili ni Monster Trucks ya kampuni ya Paramount, hadithi ya kiumbe anayefanana na pweza anayejificha ndani ya gari. Ilikusudiwa kutoka mwaka 2015, ikaahirishwa zaidi ya mara moja, ikafika kwenye kumbi Januari 2017. Iliripotiwa kwamba umbo la kwanza la kiumbe huyo liliwatia watoto kiwewe katika maonyesho ya majaribio, ikabidi achorwe upya awe na sura ya upole. Mwezi Septemba 2016, filamu ikiwa bado haijaonyeshwa, kampuni mama ya Viacom ilitangaza kufuta dola milioni 115 katika hesabu zake kwa sababu ya filamu moja ambayo haikuitaja jina. Vyombo vya habari vya biashara vilieleza kwamba filamu hiyo ilikuwa ni Monster Trucks.

Mfano wa tatu unajulikana zaidi. Tarehe 30 Aprili 2019 Paramount hiyo hiyo ilitoa kionjo cha filamu ya Sonic, yule kalunguyeye wa buluu wa mchezo wa video ulioanza mwaka 1991. Watazamaji waliona mnyama mwenye miguu mirefu ya mtu na meno ya mtu, wakapiga kelele dunia nzima. Siku mbili baadaye mwongozaji Jeff Fowler aliahidi kwamba umbo litabadilishwa. Filamu ikaondolewa Novemba 2019 ikapelekwa tarehe 14 Februari 2020, na ikaingiza zaidi ya dola milioni 300.

Ukiiweka mifano hii pamoja utaona jambo moja. Waliomkataa Sonic wa kwanza kwa sauti kubwa hawakuwa watoto. Wengi walikuwa watu wazima waliokua na mchezo ule, na ambao walijua kuandika malalamiko kwenye intaneti. Hao walisikilizwa kwa siku mbili. Watoto waliolia mbele ya majitu ya Sendak na mbele ya pweza wa Paramount walisikilizwa kwa kupitia hesabu za wakaguzi wa soko. Na hata kumlainisha kiumbe hakukuiokoa Monster Trucks. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba studio huahirisha filamu ili kumlinda mtoto wanasema nusu ya ukweli. Kinacholindwa kwanza ni mtaji. Mtoto hulindwa pale ambapo hofu yake na hofu ya mwenye fedha zimekutana.

Je, mtoto huogopa nini hasa? Hapa elimu ipo. Mtafiti Joanne Cantor wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, alifanya kazi kwa miaka mingi juu ya hofu za watoto mbele ya televisheni. Katika miaka ya 1980 yeye na mwenzake walichunguza mfululizo wa The Incredible Hulk, ambao mtu mwema hugeuka kuwa jitu la kijani na kuwasaidia wanyonge. Watoto wadogo ambao hawajaanza shule waliogopa zaidi pale mtu alipogeuka jitu, ijapokuwa jitu lile ni upande wa wema. Watoto wakubwa hawakusumbuliwa na sura, maana wao walifuata maana ya hadithi. Kwa maneno mengine, mdogo huogopa anachokiona, na mkubwa huogopa anachokielewa. Naye mtaalamu wa roboti wa Japani, Masahiro Mori, aliandika mwaka 1970 kwamba kitu kinachokaribia sana kufanana na binadamu lakini hakijafika hututia karaha kuliko kile kisichofanana naye kabisa. Meno ya Sonic ni ushahidi tosha.

Ikumbukwe pia kwamba hofu hii ndiyo iliyobadilisha hata alama za umri. Mwaka 1984 filamu ya Gremlins, yenye vijidudu vya kupendeza vinavyogeuka mashetani, pamoja na ile ya pili ya Indiana Jones, ziliwaudhi wazazi wa Marekani waliowapeleka watoto wakidhani ni burudani ya familia. Mwezi Julai mwaka huo huo ikaanzishwa alama ya PG-13, ambayo leo tunaikuta kwenye mabango ya sinema za hapa Doha.

Sasa turudi hapa Ghuba. Wenyeji wa Qatar walikuwa na mazimwi yao kabla ya mafuta na gesi. Wapiga mbizi wa lulu walisimuliana juu ya Bu Darya, jitu la baharini linalopanda chomboni usiku na kuwachukua mabaharia. Na watoto wa Ghuba waliambiwa habari za punda-jike wa kailula, kiumbe nusu mtu nusu punda anayezurura wakati wa jua la utosi na kuwakamata wasiolala. Msomaji anayelijua jua la Doha la mwezi Julai, ambalo hupita nyuzi 45, ataelewa mara moja kwamba punda yule alikuwa ni daktari. Aliwaweka watoto kivulini wakati mama zao wamepumzika.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna zimwi wetu, ambaye kazi yake haikuwa tofauti. Zimwi wa hadithi alimzuia mtoto asiende kisimani peke yake, asimfuate mgeni, asipite njia ya msituni magharibi imeingia. Alikuwa anatisha, na bibi aliyesimulia hakumlainisha hata kidogo. Lakini bibi alikuwepo. Alijua nani kati ya wajukuu ameanza kutetemeka, akapunguza sauti, akaingiza wimbo ambao wote waliuitikia, akahakikisha kwamba zimwi amekufa kabla ya taa kuzimwa. Sendak mwenyewe alieleza kwamba majitu ya kitabu chake yalitokana na ndugu wa wazazi wake, wahamiaji kutoka Ulaya, waliokuwa wakija nyumbani na kumfinya mashavu wakisema watamla. Wazee wetu walikwisha kusema: zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Kwa mtazamo wetu hapo ndipo ulipo mzizi wa suala hili. Umbo la kiumbe ni nusu tu ya hofu. Nusu ya pili ni kama yupo mtu mzima karibu. Katika jengo la mikutano la QNCC hapa Doha, lililofunguliwa mwaka 2011, aliwekwa buibui wa shaba wa msanii Louise Bourgeois, mwenye urefu wa zaidi ya mita tisa na mayai ya marumaru tumboni. Kwa sura ni jinamizi. Lakini jina lake ni Maman, yaani Mama, na Bourgeois alimtengeneza kwa kumkumbuka mama yake aliyekuwa akikarabati mazulia ya ukutani, mfumaji kama buibui. Mtoto aliyeshikwa mkono na kuelezwa habari hiyo hupita chini ya miguu yake akicheza. Mtoto aliyeachwa peke yake atakimbia.

Na watoto wetu wako wapi? Hili ndilo linalotugusa sisi tulioko huku. Maelfu ya Wakenya, Waganda, Watanzania na wengine wa kwetu wanafanya kazi Qatar kama walinzi, madereva, wahudumu wa hoteli na wafanyakazi wa majumbani. Ili mfanyakazi alete familia yake anatakiwa awe na kiwango cha mshahara ambacho wengi wao hawakifikii. Watoto wamebaki Kakamega, Masaka au Tanga, na mzazi hutuma fedha, na siku moja hutuma simu. Simu ile ndiyo ukumbi wao wa sinema. Haina mkata tiketi wa kuuliza umri, haina bibi wa kupunguza sauti, na filamu ambayo Hollywood iliichelewesha mwaka mzima ili isimtishe mtoto wa California inamfikia mtoto wa Masaka usiku, akiwa chini ya shuka, pamoja na nyingine ambazo hazikuchujwa na mtu yeyote.

Kabla ya simu tulikuwa na vibanda vya video, na navyo tusivisifu kupita kiasi, maana mtoto wa miaka sita aliketi humo mbele ya filamu za damu. Hata hivyo vilikuwa na kitu kimoja chenye thamani. Wasimulizi kama Lufufu kwa Tanzania, DJ Afro kwa Kenya na ma-VJ wa Kampala walisema juu ya picha kwa lugha ya watu. Walimkebehi zimwi, wakampa jina la mtaani, na kibanda kizima kikacheka. Ile ilikuwa kazi ya bibi, ingawa ilifanywa bila mpaka wa umri.

Serikali zetu nazo zina sheria. Tanzania ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na Kenya ina bodi inayoziainisha filamu kwa alama za GE, PG, 16 na 18. Bodi ya Kenya iliizuia filamu ya Rafiki mwaka 2018 kwa sababu ya mapenzi ya wasichana wawili, na mjadala ukafika mahakamani. Lakini hatujaona bidii kama hiyo katika kumweleza mzazi, kwa Kiswahili chepesi, kwamba filamu fulani ina kiumbe kitakachomnyima usingizi mtoto wa miaka mitano lakini kitamfurahisha wa miaka tisa. Kuzuia ni rahisi, kueleza ndiyo kazi.

Doha nayo ina sehemu yake. Kundi la habari la beIN lenye makao yake hapa liliinunua studio ya Miramax mwaka 2016, na mwaka 2020 likaiuzia kampuni mama ya Paramount asilimia 49. Mwaka 2016 beIN ilikabidhiwa pia chaneli za watoto za Jeem na Baraem, zilizoanzia Doha katika miaka ya 2000. Desemba 2025, Paramount ilipotoa ofa ya kuinunua Warner Bros. Discovery, mfuko wa uwekezaji wa Qatar ulitajwa miongoni mwa wachangiaji wa fedha. Kwa hiyo fedha za mji huu zimefika mezani kwa wale wanaoamua mazimwi ya watoto wa dunia yatakuwa na sura gani. Mji huo huo ndio uliomfundisha mtoto wa miaka minane kuwa hakimu wa filamu. Itakuwa hasara kubwa iwapo katika mageuzi ya tamasha kiti cha mdogo kabisa, yule wa Mohaq, kitasahauliwa.

Tunachopendekeza si kumfukuza zimwi. Mtoto asiyewahi kuogopa chochote ndani ya hadithi atakutana na hofu kwa mara ya kwanza njiani, bila wimbo wa kuitikia. Tunataka watengenezaji wawaulize watoto walichokiona badala ya kuhesabu machozi yao, na bodi zetu ziandike maelezo badala ya alama tupu. Na kwa wenzetu walioko huku Ghuba, mishahara yetu haitoshi kuwaleta watoto, lakini siku ya Ijumaa dakika ishirini za simu zinatosha kumuuliza mtoto ametazama nini wiki hii, na kama zimwi alikufa mwishoni.