HERENI YA NG'OMBE SI PAMBO

Tarehe 16 Juni, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huko Bariadi kampeni ya taifa ya kuchanja na kutambua mifugo. Ng'ombe huchanjwa homa ya mapafu, mbuzi na kondoo sotoka, kuku kideri. Na mnyama aliyechanjwa huvishwa hereni sikioni. Juu ya chanjo ni wachache wenye neno. Juu ya hereni, wapo ndugu zetu wafugaji, hata hapa Runzewe, wanaoitazama kwa mashaka.

Tuseme kweli: mashaka hayo yana asili yake. Siku za Mwingereza ng'ombe wa Usukuma walihesabiwa, kisha wakapunguzwa kwa amri. Na mwaka 2022 mfugaji alitakiwa kutoa shilingi 1,750 kwa hereni ya kila ng'ombe, manung'uniko yakafika Bungeni. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Lakini hereni yenyewe haina kosa. Ndani yake mna kidude kidogo cha redio, kisicho na betri, chenye nambari isiyofanana na nyingine. Chombo cha kusomea kikisogezwa karibu, mawimbi yake hukiamsha, nacho hujibu kwa kutaja nambari ile. Daftarini nambari hiyo huonyesha mwenye ng'ombe, kijiji atokako na chanjo alizopata. Wenzetu wa Botswana walianza kwa kuwamezesha ng'ombe wao vidude vya namna hii, ili wanunuzi wa Ulaya wajue nyama ilikotoka. Baadaye wakahamia hereni.

Wengi wetu bado twamtia ng'ombe alama kwa chuma cha moto. Kovu lile haliondoki hata ngozi ifikapo kiwandani; mahali hapo hapafai kukatwa kiatu, na bei hushuka. Hasara humpata mfugaji kwanza, kisha mfanyakazi wa kiwanda. Tena mwizi ampitishaye ng'ombe usiku katika barabara ya Isaka hadi Lusahunga atakwama mnadani, iwapo nambari itasomwa.

Iwapo itasomwa: hapo ndipo penye kazi. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ilitungwa mwaka 2010, na miaka 15 ikapita kabla ya uzinduzi wa Bariadi. Hereni pasipo chombo cha kusomea mnadani na machinjioni ni pambo tu. Kwa hiyo twasema halmashauri ziweke vyombo hivyo na watumishi wafundishwe kuvitumia. Pia itamkwe wazi, kwa maandishi, kwamba nambari ya ng'ombe haitageuzwa mlango wa kodi mpya.

Nanyi wanachama, kazi yenu matawini si kuwatisha wafugaji. Waelezeni, wasikilizeni, na malalamiko yao yafikisheni juu yakiwa mazima. Siku mfugaji mmoja atakaporudishiwa ng'ombe wake aliyeibiwa kwa sababu ya hereni, hapatahitajiwa hotuba tena.