Msimbazi Tuuchunguze Wenyewe

Kila mvua kubwa ikinyesha Dar es Salaam twasikia khabari ile ile: Jangwani pamefungwa. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu 40 hivi. Walionusurika bondeni wakapewa viwanja Mabwepande, na baadhi yao wakarudi bondeni. Wako mabwana wanaowaita wakaidi. Mimi nakataa! Mchuuzi wa samaki atatokaje Mabwepande awahi mnada wa Feri alfajiri? Nani alimwuliza kabla ya kumhamisha?

Mwaka 2016 mabasi ya mwendo kasi yalianza, na karakana yao ikawekwa papo hapo Jangwani. Maji yakaingia. Jambo hilo wakazi wa Kigogo wangaliwaambia mafundi bure.

Kweli, tangu 2015 wanafunzi wa vyuo vyetu vikuu walipita mitaani pamoja na wakazi, wakachora mifereji na nyumba katika mradi wa Ramani Huria. Kazi njema sana, lakini fedha zilitoka kwa wafadhili wa nje, na mwenye kulipa ndiye achaguaye swali. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa bonde hilo. Mkopo huo tutaulipa sisi.

Basi twataka Bunge litenge fungu la kila mwaka, vyuo vyetu vichunguze: barabara ikifungwa mgonjwa hufikaje Muhimbili? Mama hukimbilia wapi na watoto usiku? Mbunge wenu akija mkutanoni, mwulizeni fungu hilo li wapi.