Alama Zimejaa, Sauti Imekatika

Ofisi, hoteli na maghala mengi ya Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar yameanza kuziweka kando simu za mezani. Watu wanapigiana kwa simu za mkononi kupitia Wi-Fi, swichibodi imekuwa programu ndani ya kompyuta, na kuongea kutoka mapokezi hadi stoo hakugharimu kitu. Jambo jema. Wiki ya pili yanaanza ya "Haloo? Haloo? Rudia, umekatika." Fundi akiitwa, maneno yake ni yaleyale popote uendapo, na mengi hayana ukweli. Nitayajibu moja moja, nikikaa zaidi kwenye yale yanayowala watu pesa.

La kwanza ndilo maarufu: "Mna Mbps 100, sauti itapita tu."

Sauti haina njaa ya kasi. Simu inayotumia kodeki ya G.711, ile kongwe yenye sauti kama ya simu ya mezani, hutuma pakiti 50 kwa sekunde kila upande, kila pakiti ikiwa na milisekunde 20 za maneno. Ukiongeza anwani zinazobandikwa juu yake, unapata kilobiti 80 kwa sekunde. Watu 100 wakiongea kwa mpigo ni Mbps 8 kila upande. Ofisi ya watu ishirini haifiki hata huko, na bado sauti inakatika.

Inakatika kwa sababu pakiti zinachelewa. Video ya YouTube ikikwama kidogo huoni kitu, maana simu ilikwisha kujiwekea akiba ya sekunde kadhaa. Mazungumzo hayawekewi akiba ya namna hiyo. Pendekezo la G.114 la shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linasema sauti ikitoka mdomoni hadi sikioni ndani ya milisekunde 150, watu wengi hawatalalamika. Pakiti ikifika baada ya zamu yake kupita, simu inaitupa, na kwa msikilizaji ni sawa na iliyopotea. Ndiyo maana wabunifu wa mitandao ya sauti hulenga pakiti zinazopotea zisifike 1 kwa 100, na muda wa kufika usiyumbe kupita milisekunde 30. Ile namba kubwa ya kasi aliyokuonyesha muuzaji haikwambii lolote kuhusu hayo.

Tena hewa ni moja. Kwenye chaneli moja kinasema kifaa kimoja tu, vingine vinangoja, kama wazee barazani wasiokatizana maneno. Chukua pakiti moja ya sauti, baiti 160. Kwa Wi-Fi ya Mbps 54, sauti yenyewe inapita kwa mikrosekunde 24 hivi. Kusubiri zamu, kujitambulisha hewani na kupokea jibu kwamba imefika kunakula mikrosekunde zaidi ya 100. Gharama kubwa iko kwenye kupata nafasi ya kusema, na gharama hiyo haipungui kwa kununua kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti.

Hapa niingize jambo ambalo wateja hawaambiwi kabisa: yale majina ya Wi-Fi. Utakuta jengo lina la wafanyakazi, la wageni, la bosi, la kamera, la mkutano na la majaribio ambalo fundi alisahau kulifuta. Kila jina hutangazwa hewani karibu mara 10 kwa sekunde na kila kituo, yaani kile kifaa kinachorusha Wi-Fi. Kama kituo kimeachiwa mipangilio ya kale ya kutangaza kwa Mbps 1, tangazo la baiti 250 linachukua milisekunde 2 na ushei. Majina sita ni matangazo kama 60, yaani zaidi ya milisekunde 120 katika kila sekunde. Sehemu moja ya nane ya hewa imekwisha kabla hajaongea mtu. Vikiwa vituo vinne kwenye chaneli moja vinavyosikiana, piga hesabu mwenyewe. Futa majina, zima kasi za chini za Mbps 1 na 2. Haigharimu shilingi.

Dai la pili: "Alama za Wi-Fi zimejaa, kwa hiyo tatizo haliko kwenye Wi-Fi." Na ndugu yake: "Nitakuongezea nguvu."

Zile alama zinaonyesha jinsi simu yako inavyokisikia kituo. Hazionyeshi jinsi kituo kinavyoisikia simu yako. Kituo cha darini kinaweza kurusha kwa miliwati 100, huku simu ya mkononi, kwa kulinda betri, ikirusha kwa 25 au chini ya hapo. Nilishaona hoteli moja ya Mji Mkongwe, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zenye unene wa karibu nusu mita, ambako fundi aliweka kituo kimoja kila ghorofa, katikati ya korido, nguvu zote. Mhudumu akiwa koridoni anaongea vizuri. Akiingia chumbani kuchukua mashuka, anaendelea kumsikia mtu wa mapokezi kama kawaida, lakini mtu wa mapokezi hasikii kitu. Alama zimejaa nusu na zaidi. Mhudumu anadhani mwenzake amenuna.

Sauti ya upande mmoja namna hiyo mara nyingi ndiyo dalili ya nguvu isiyolingana, na ukiongeza ya kituo unazidisha tofauti. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kushusha nguvu ya kituo ikaribie ya simu dhaifu kuliko zote zitakazotumika, kisha kuhesabu vituo upya. Kipimo chenyewe cha nguvu ya mawimbi ni hasi 67 dBm penye ukingo wa eneo, na mawimbi yawe juu ya kelele kwa desibeli 25. Ukishuka hadi hasi 77 unabaki na sehemu ya kumi ya nguvu ileile. Kwa kusoma barua pepe inatosha. Kwa sauti haitoshi.

Korido nayo ina kosa la pili. Iko wazi, mawimbi yanakimbia mwisho hadi mwisho, vituo vyote vinasikiana na kungojana, na vyumbani ambako watu wamo hakufiki kitu. Vitoe koridoni uviingize vyumbani, ukipishanisha ghorofa na ghorofa.

"Basi tuweke vingi, kila kona." Hapana. Katika masafa ya GHz 2.4, chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Kituo cha nne lazima kirudie mojawapo, na jirani yako wa ghorofa ya chini naye ana vyake. Sauti ipelekwe GHz 5, kwa chaneli za upana wa MHz 20. Vifaa vingi hutoka kiwandani vikiwa vimewekwa MHz 80 ili namba ya kasi ionekane nzuri kwenye boksi, lakini upana huo unakusanya kelele mara nne na kukuachia chaneli chache za kugawa. Uangalifu mmoja: baadhi ya chaneli za GHz 5 zinashirikiana na rada, zikiwemo baadhi za hali ya hewa. Kituo kikidhani kimesikia rada, hata kwa makosa, kanuni zinakitaka kiihame chaneli ile, na kabla ya kutumia nyingine ya aina hiyo kisikilize kwa angalau sekunde 60. Chaneli za 36 hadi 48 hazina sharti hilo, na kwa jengo dogo zinatosha.

Vile vikuza-mawimbi vinavyochomekwa ukutani sitavipotezea muda. Kila pakiti inarushwa mara mbili kwenye hewa ileile. Vuta kebo.

Dai la tatu linatoka kwa mafundi wazuri zaidi, na kwa hiyo linastahili jibu refu: "Nimeshawasha kipaumbele cha sauti."

Kuwasha si kazi. Kazi ni kuhakikisha alama ya kipaumbele inayobandikwa kwenye pakiti inafika. Wi-Fi ina foleni nne tangu kiwango cha 802.11e cha 2005: sauti, video, kawaida na usuli. Anayesimama foleni ya sauti hubahatisha kungoja kati ya nafasi 0 na 3 kabla ya kusema. Wa kawaida kati ya 0 na 15. Ni upendeleo mkubwa. Lakini nani anaipanga pakiti kwenye foleni? Pakiti ya sauti kutoka swichibodi kwa kawaida hubeba alama ya DSCP 46. Kwa tarakimu za kompyuta 46 ni 101110. Vifaa vingi, kwa kufuata desturi ya zamani, husoma tarakimu tatu za mwanzo tu: 101, yaani 5. Na kwenye Wi-Fi, namba 5 ni foleni ya video. Sauti inayotakiwa 6 imeshushwa daraja kimyakimya, na kwenye skrini ya mipangilio bado pameandikwa kipaumbele kimewashwa. Waraka wa RFC 8325 wa 2018 uliandikwa kurekebisha mkanganyiko huu, na vituo vya kibiashara vingi vina mahali pa kurekebisha. Mwulize fundi wako 46 inaangukia foleni gani. Akibabaika, una jibu.

Huo ni upande wa kushuka, kutoka kituo kwenda kwenye simu. Wa kupanda, kifaa chenyewe ndicho kinachotakiwa kubandika alama, na programu za simu kwenye kompyuta za Windows mara nyingi hazibandiki hadi msimamizi aweke sera. Matokeo yake wewe unamsikia mteja vizuri kuliko yeye anavyokusikia, hasa mwenzako akiwa anapandisha mafaili.

Dai la nne: "Simu itahama yenyewe kutoka kituo hadi kituo." Itahama, ndiyo, ila kwa hiari yake. Watu wengi hudhani mtandao ndio unaomwamuru mtumiaji. Kwenye Wi-Fi anayeamua ni simu, na kila mtengenezaji ana tabia yake. iPhone huanza kutafuta kituo kingine mawimbi yakishuka chini ya hasi 70, na ikiwa kwenye mazungumzo hutaka kituo kipya kiwe bora kwa desibeli 8. Ukiviweka vituo mbali mno, simu inafika hasi 80 bila kuona cha kuhamia. Ukivisogeza karibu mno kwa nguvu zote, inang'ang'ania cha zamani mpaka mwisho wa ghala, kwa sababu hakijashuka hadi pa kuachwa. Maeneo yaingiliane kiasi cha asilimia 15 hadi 20.

Kuhama kwenyewe kuna gharama. Ofisi inayotumia jina na nywila kwa kila mfanyakazi humthibitisha mtu upya kwa kuuliza seva. Seva ikiwa ghorofa ileile, sawa. Ikiwa Ulaya, na kila swali na jibu ni milisekunde 150, maswali manane ni sekunde 1.2 za ukimya katikati ya sentensi. Kiwango cha 802.11r cha 2008 kinatatua hili kwa kuandaa funguo mapema, na 802.11k huipa simu orodha ya majirani ili isipekue chaneli zote. Vijaribu kwanza, maana baadhi ya simu za zamani hukataa kabisa kuunganika 802.11r ikiwashwa.

"Nunua Wi-Fi 6, yataisha." Wi-Fi 6 ni nzuri kweli, hasa uwezo wake wa kuhudumia simu kadhaa katika mrusho mmoja badala ya kila moja kugombea zamu. Lakini uwezo huo unafanya kazi na simu zinazoujua. Simu za kiunoni za miaka minane iliyopita hazitaujua, na zitaendelea kula hewa ileile. Ukuta wa matumbawe nao hausomi kilichoandikwa kwenye boksi.

Kuna wanaolaumu mkongo wa baharini. Mara nyingine wana haki: Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika na eneo zima la Afrika Mashariki likaumia. Lakini mapokezi na jikoni hawakupaswa kuumia. Kama swichibodi yako iko ndani ya jengo, piga namba ya ndani kwenda namba ya ndani. Sauti ikikatika na hapo, bahari haihusiki. Kama swichibodi iko kwenye seva za ng'ambo, huenda kila neno la mhudumu kwa mpishi linavuka maji mara mbili, na kilomita 10,000 za mkongo ni milisekunde 50 kwa safari moja kabla ya kuhesabu kingine chochote.

"Nimepima jengo lote, kila mahali ni kijani." Kwa kutumia nini? Kompyuta mpakato ina antena nzuri kuliko simu, haishikwi kiganjani na haibanwi sikioni. Tena anayepima saa moja asubuhi kabla watu hawajaingia anapima jengo tupu. Mwambie apige simu halisi, kwa kifaa kilekile watakachotumia wafanyakazi, saa nne ofisi ikiwa imejaa, atembee kutoka mapokezi hadi stoo akihesabu moja hadi mia, ngazi na lifti zikiwemo, huku mtu wa upande wa pili akiandika namba asizozisikia. Liandike hilo kwenye mkataba, na malipo ya mwisho yalifuate.

La mwisho ni la mhasibu: "Simu za Wi-Fi zikifanya kazi, toeni za mezani zote." Kila kituo cha darini kinapata umeme kupitia kebo kutoka kwenye swichi, wati 15.4 au 30 kwa mlango kwa viwango vya kawaida. Umeme ukikatika na swichi haina betri, vituo vyote vinazima pamoja, na simu zote za ndani nazo. Jenereta likiwaka baada ya sekunde ishirini, vituo vinahitaji dakika kadhaa kuamka. Kwa hiyo betri iwekwe kwenye swichi, ruta na swichibodi, si kwenye kompyuta ya meneja peke yake; na mapokezi pabaki simu moja yenye laini ya mtandao wa simu, imechajiwa, namba 114 ya zimamoto imebandikwa juu yake kama mko Tanzania.