Kuacha rufaa: wahanga nao waulizwe

Mshitakiwa anapokubali makosa na kutia sahihi kwamba hatakata rufaa, kesi inakwisha mbio na korti inapunguza gharama. Lakini sahihi hiyo inaweza kufunga mlango wa watu ambao hawakuwa mezani.

Mwaka 2016, mbele ya Korti ya Kimataifa ya Jinai (CPI), Ahmad Al Faqi Al Mahdi alikubali kosa la kubomoa makaburi ya watakatifu wa Tombouctou, Mali. Alipatana na mwendesha mashtaka: azabu ikiwa kati ya miaka 9 na 11, hakuna upande utakaokata rufaa. Kesi ilisikilizwa siku 3, akapewa miaka 9. Majaji hawakufungwa na mapatano hayo. Kifungu cha 65 cha Mkataba wa Roma kinawaachia uhuru. Hapo mtu alijua anachotoa na anachopata.

Sisi wa mashariki tunajua upande mwingine. Tarehe 7 mwezi wa tatu 2014, Germain Katanga alihukumiwa kwa shambulio la Bogoro, Ituri, la mwaka 2003. Kwa ubakaji, utumwa wa ngono na kutumia watoto vitani, aliachiliwa. Yeye hakukubali makosa kwa mapatano. Lakini tarehe 25 mwezi wa sita, upande wake na mwendesha mashtaka waliondoa rufaa zao siku ileile. Mashtaka ya ubakaji yakazikwa hapo. Kule CPI wahanga wanaweza kukata rufaa juu ya malipo ya fidia, si juu ya kuachiliwa kwa mshitakiwa.

Kwetu, kifungu cha 21 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya rufaa. Kifungu cha 61 kinakataza kuigusa hata chini ya état de siège, ile ambayo Ituri na Kivu ya Kaskazini zimeishi tangu mwezi wa tano 2021. Haki ya namna hiyo haiuzwi kwa haraka. Mtu aliyelala miezi mingi gerezani bila kusikilizwa atatia sahihi karatasi yoyote ili atoke.

Kwa hiyo, wabunge wakitaka siku moja kuingiza mapatano hayo katika sheria zetu, waweke masharti matatu: avoka awe kando ya mshitakiwa, kiwango cha azabu kiandikwe wazi, na wahanga wasikilizwe kabla ya sahihi. Kuwaita baadaye ni kuwaalika kwenye mazishi ya kesi yao.