Makbeth Aimbwe kwa Kiswahili

Zaidi ya nusu karne imepita tangu S. S. Mushi alipotuletea Makbeth kwa Kiswahili mwaka 1968, katika miaka ile ile ambayo Mwalimu Nyerere alitafsiri Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Sisi tunaona wakati umewadia kitabu hicho kitolewe kabatini, kipandishwe jukwaani, na kiimbwe.

Wako watakaosema kwamba msiba hauimbwi. Verdi wa Italia aliuimbisha mwaka 1847, na wale wachawi watatu akawafanya kundi zima la wanawake. Mwaka 2014 Brett Bailey wa Afrika Kusini aliutwaa muziki huo akauhamishia mashariki ya Kongo, kwenye vita na madini, kisha akauonyesha London. Ukaimbwa kwa Kitaliano. Kisa cha majirani zetu wa Kivu, wasemao Kiswahili kama sisi, kikaimbwa kwa lugha wasiyoijua! Hilo halikutufurahisha.

Kisa chenyewe si kigeni kwetu. Askari shujaa anatabiriwa ufalme. Mkewe anamtia ari. Naye anamwua mfalme wake, tena mgeni aliyelala chini ya dari yake. Mtu wa Pemba au Mafia hahitaji kufafanuliwa ubaya wa tendo hilo. Wahenga walikwisha kusema, tamaa mbele, mauti nyuma.

Tatizo ni muziki upi. Taarabu yafaa sana pale mke anapomshawishi mumewe, kwani mafumbo ndiyo kazi yake. Lakini taarabu ina desturi ya watazamaji kuinuka kwenda kumtunza mwimbaji, na hatupendi kumwona muuaji akibandikwa noti kwenye paji la uso. Wachawi wapewe ngoma. Karamu ambamo mzimu wa Banquo unatokea isiwe na ala hata moja.

Jambo jingine ni mahali. Michezo yetu huishia katikati ya jiji, na mkazi wa Mbezi Luis akitaka kuitazama hukesha akitafuta daladala ya kurudia. Tangu mwaka 2021 Mbezi Luis ndiyo lango la mabasi ya mikoani. Kwa nini isiwe pia lango la sanaa? Tunashauri mchezo uanzie huko, ndipo uvuke bahari kwenda Ngome Kongwe, Unguja, ambako wajuzi wa taarabu hawatasita kutukosoa. Tena tungependa wapigaji watoke Visiwani tangu siku ya kwanza ya mazoezi, wasiitwe mwishoni kama mapambo.

Twafahamu kwamba mchezo wa mtu anayeua ili atawale huwakunjisha uso baadhi ya maofisa. Tunawaomba wausome hadi mwisho kabla ya kushika kalamu nyekundu. Anayeangamia humo ni muuaji mwenyewe, na mkewe anapotembea usingizini akisugua mikono isiyotakata, hakuna mtazamaji atakayetamani kuwa yeye.

Wahusika wa sanaa wa Bara na wa Zanzibar basi wakae meza moja, waanze na lile ambalo husahauliwa daima: haki ya mtafsiri na malipo ya wapigaji yaandikwe na kutiwa sahihi kabla udi haujakazwa nyuzi.